Kuku wa Faini na Mashine ya Sumaku

Wazee wangu, shikamooni. Waislamu, asalaam alaikum. Wakatoliki, tumsifu Yesu Kristo. Wamoraviani wenzangu, Bwana asifiwe. Na nyie mliokuja kwa ajili ya pilau tu, mwangaluka, karibuni, pilau iko jikoni na mimi sitachelewa.

Mwenyekiti aliniomba nizungumze leo, kwa kuwa tumemaliza kurina asali na kikundi chetu kizima cha wafuga nyuki kipo. Nilimkatalia mara mbili. Mimi ni fundi, kazi yangu mbao na misumari, maneno nawaachia wenyewe. Akaniambia, "Fundi, humu ndani wapo watu waliokaa kama ulivyokaa wewe mwaka ule, na hawajui kama ule ni ugonjwa." Nikaona basi, nitasema. Sitamtaja mtu kwa jina. Ukijitambua, angalia chini, wengine hawatajua.

Mnanijua. Natengeneza mizinga ya mbao hapa hapa Kwihara, kama baba yangu alivyotengeneza ya magome. Na mnajua kwamba nilikuwa na mtani, Mgogo, mstaafu wa reli, aliyejenga jirani na karakana yangu akagoma kurudi kwao. Kwa wageni mliotoka mjini nieleze kidogo. Babu zetu Wanyamwezi walibeba mizigo ya misafara kutoka hapa mpaka pwani. Wakifika Ugogo wanatozwa hongo, yaani ushuru wa njia, na maji wananunua. Waligombana sana na wenyeji, wakachoka kugombana, wakawa watani. Sisi wajukuu tumerithi matusi yale, na ni mali halali.

Kila asubuhi mtani wangu akipita karakana alisimama mlangoni, akapaza sauti: "Wewe mpagazi! Shusha mzigo!" Nami bila kuinua kichwa: "Nishushe wapi, na kwenu hata maji mnauza?" Basi. Anaingia, tunakunywa chai. Miaka na miaka, maneno yale yale. Mke wangu alikuwa akisema hawa wawili wasipotukanana chai haishuki.

Sasa watu huniuliza ilianzaje. Wanataka niseme alikufa mtu, au nyumba iliungua. Hakufa mtu. Nyumba ipo, mmeipita mkija. Nyuki mwaka ule waliingia mizinga vizuri kuliko miaka mingi. Sina sababu ya kuwapa, na niliitafuta sana.

Nilianza kuamka nimechoka. Chakula kikawa kama natafuna maranda. Ubao mmoja naupima mara tatu, na mara tatu nasahau. Halafu nikaacha kuupima, nikawa nakaa tu kwenye kigoda karakanani, mkono umeshika msumeno, mpaka mke wangu aje kuniambia jua limezama.

Asubuhi moja mtani akapita. "Wewe mpagazi! Shusha mzigo!" Nilimsikia. Jibu nilikuwa nalijua, lipo pale pale. Lakini kulitoa kinywani ilikuwa kazi kubwa kuliko kubeba gogo la mninga. Nikamwangalia. Akangoja, akakohoa, akaondoka. Kesho yake hivyo hivyo. Na kesho kutwa.

Ndugu zangu, mnakumbuka mlichofanya? Msijifanye hamkumbuki. Mliitisha kikao. Shitaka: fundi amemnunia mtani. Mzee mmoja, simtaji lakini naona tayari anatafuta miwani yake sakafuni, alisimama akasema, "Tangu enzi za misafara haijasikika Mnyamwezi kumnunia Mgogo. Unatuaibisha. Mtani hakasirikiwi." Mke wangu akauliza, "Wazee, hamuoni kama huyu anaumwa?" Akajibiwa, "Mama, tumemshika kipaji cha uso, hana homa." Nikatozwa faini ya kuku.

Nilikuwa na jogoo mmoja mwekundu, mkubwa, ninayempenda. Mtu mzima wa akili angepiga kelele, angesema chukueni yule kishingo asiye na manyoya shingoni. Mimi nilimkamata jogoo wangu, nikamfunga miguu, nikamkabidhi. Mtani wangu akamla na ugali mbele yangu, akanikaribisha paja. Nikatikisa kichwa. Akacheka: "Jamani, bado amenuna!"

Siwalaumu. Mtu wa mahali pengine angeonekana mpole, au mlevi, au mvivu. Hapa kwetu nilionekana nimevunja utani, na kwa kosa hilo dawa yetu ni kuku. Tulikwenda pia kwa mzee wa mizizi, akasema nimekata mti wenye mwenyewe, wa mizimu. Fundi wa mizinga, jamani, kila mti niliokata una mwenyewe. Kanisani nikaombewa juma zima. Maombi yalinikalisha karibu na watu, na hilo nalishukuru. Ugonjwa wenyewe haukutikisika.

Miezi ikapita. Shemeji zangu wakaja kutoka Puge, kaka za mke wangu. Walikaa naye uani, mimi niko ndani, ukuta mmoja tu. Mkubwa wao akasema, "Dada, utaishi na kiti mpaka lini? Funga nguo zako twende nyumbani." Mke wangu akajibu, "Kiti hicho ndicho kilichonioa. Nyie rudini tu."

Niliyasikia yote. Na sikuona uchungu, wala aibu, wala hamu ya kutoka kuwaambia hata neno moja. Nawaambieni ukweli, watu husema ni ugonjwa wa huzuni. Huzuni ningeishukuru. Mimi sikuwa na huzuni. Sikuwa na kitu. Mke wangu alikuwa anapigania ndoa na mtu ambaye hayupo, na yule asiyepo alikuwa anamsikiliza.

Baada ya hapo nikaanza kuona kwamba ningemrahisishia mke wangu maisha kama ningetoka kabisa duniani. Lilikuja kama hesabu tu, bila machozi. Siku moja mchana nilikwenda porini peke yangu, na sikwenda kuangalia mizinga. Zaidi ya hapo sisemi, na nyie msiulize.

Mtani wangu aliniona nikipita. Alinifuata mbali mbali, mguu wake mbovu vile vile, akanikuta nimekaa chini. Nilingoja aniite mpagazi. Hakuniita. Alikaa kando yangu, akapumua sana, akasema, "Ndugu yangu." Miaka yote ile hajawahi kuniita ndugu yangu. "Ndugu yangu, mimi nimekutoza kuku na wewe unaumwa. Nimekosea. Inuka twende nyumbani." Nikamuuliza, "Na kuku?" Akasema, "Kuku nimeshamla. Inuka." Nikainuka. Sijui kwa nini. Nadhani kwa sababu alinishika mkono na hakuuachia mpaka mlangoni kwangu.

Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni amevaa koti la reli. Tukaenda hospitali mjini, mimi, mke wangu na yeye. Daktari alikuwa kijana mtaratibu. Akaniuliza mambo mengi, na lile la porini akaliuliza waziwazi, nikamjibu waziwazi. Akasema, "Mzee, una sonona. Ni ugonjwa, una matibabu, na hukujitakia." Mtani wangu akadakia, "Daktari, kwa hiyo si kununa?" Daktari akauliza kununa nini. Alitoka Kilimanjaro, ikabidi aelezwe utani wote tangu misafara, na foleni nje imejaa.

Nikapewa vidonge. Nilivimeza kama nilivyoelekezwa, mke wangu anasimamia. Usingizi ukarudi kidogo. Mengine, hapana. Baada ya muda wa kutosha daktari akabadilisha, akanipa vya aina nyingine, tukangoja tena. Lile wazo la porini likalegea, lakini mimi bado kiti. Ndipo akasema, "Wako wagonjwa ambao vidonge peke yake haviwatoshi. Dar es Salaam kuna hospitali yenye mashine ya sumaku. Kifaa kinawekwa juu ya kichwa, nguvu ya sumaku inapita kwenye mfupa, inagonga ile sehemu ya ubongo iliyozubaa. Hupasuliwi, hulazwi usingizi. Haiponyi kila mtu, nakwambia mapema. Utajaribu?" Nikasema sawa. Angeniambia nikae juu ya bati la moto ningesema sawa vile vile. Aliyefurahi ni mke wangu.

Hapo kijijini mkaanza tena. Mmoja wenu akasema watanichoma umeme nirudi silijui jina langu. Mwingine akaja kumnong'oneza mke wangu kwamba mashine ile inasoma akili, watu wa Dar watajua mizinga yangu ilipo porini. Naye hakuwa anatania, ana wasiwasi kweli na mizinga. Lakini ni nyie nyie mlioleta ndoo za asali mpaka nauli na matibabu vikapatikana, na mtani wangu akauza ng'ombe wake wa maziwa bila kuniambia. Nilikuja kujua siku nilipoomba maziwa.

Stesheni alitusindikiza yeye. Akanipigia kelele dirishani, "Mpagazi! Ukipita kwetu Dodoma wakikutoza, waambie umeshalipa, kuku nilikula mimi!" Abiria wakacheka. Mimi nilimwangalia. Treni ikaondoka. Ile ndiyo njia aliyopita babu wa babu yangu kwa miguu, pembe ya ndovu begani. Mimi nilikaa kwenye kiti, sikubeba hata kikapu, na naamini nilifika nimechoka kumshinda yeye.

Tulifikia kwa shangazi wa mke wangu, Mbagala. Hospitalini nikapokelewa na dada mmoja, ndiye aliyeendesha ile mashine. Swali lake la kwanza: "Baba, una chuma chochote kichwani?" Nikafikiri. Mafundi wenzangu mnajua tunavyofanya kazi, misumari mdomoni, nyundo mkononi. Nikamwambia ukweli, "Huenda upo msumari. Niliumeza nikiwa najifunza kazi, sijui ulielekea wapi." Yule dada akamwita daktari. Daktari akamwita daktari mwingine. Nikapigwa picha ya kichwa na ya tumbo. Msumari haukuonekana. Wakaniuliza kama nina kifafa, kama nina kifaa cha moyo, nikasema sina. Basi nikakalishwa kwenye kiti kama cha kinyozi.

Kwanza walitafuta kipimo changu. Wakanigonga mahali fulani kichwani, na kidole gumba cha mkono wa kulia kikaruka chenyewe. Mimi sikukituma. Kikaruka tena. Mke wangu akasema "Yesu!" Mimi nikakitazama kidole changu kama cha jirani. Kisha wakakihamisha kifaa mbele kidogo, upande wa kushoto, wakanipa vizibo vya masikio, wakawasha. Ta-ta-ta-ta-ta. Kimya. Ta-ta-ta-ta-ta. Mmemsikia kigong'ota akishughulika na mti mkavu? Ndivyo. Inauma kidogo kwenye ngozi, na siku za mwanzo kichwa kiliniuma mpaka jioni. Dakika kadhaa, imekwisha, unashuka unakwenda zako. Jumatatu mpaka Ijumaa, kila siku, wiki na wiki. Barazani nilikuwa nakaa na mama mmoja aliyepatwa na kiharusi. Yeye aligongwa mahali pengine, walikuwa wanajaribu kuuamsha mkono wake. Alikuwa akiniuliza, "Wewe wanaamsha nini?"

Kila siku nikitoka, simu inalia. Mtani. "Mpagazi, umeshusha mzigo?" Mimi: "Bado." Anakata. Alikuwa anatumia vocha kwa ajili ya neno moja hilo. Wiki ya kwanza, bado. Wiki ya pili, bado. Nikamwambia mke wangu kwamba tumekula asali ya watu bure. Akasema, "Kesho saa mbili, uvae shati la bluu."

Wiki ya tatu, mchana, shangazi akatuandalia samaki. Nikaonja, nikasema, "Shangazi, samaki hawa wamezidi chumvi." Mke wangu akaweka kijiko chini. Shangazi akaanza kuomba radhi, mke wangu akamkatiza, "Usimwombe radhi, shangazi! Mwache alalamike! Amelalamika!" Akatoka nje. Nikamkuta kibarazani anafuta macho kwa khanga. Mwaka mzima nilikuwa nakula chochote ninachowekewa, sijasema kitamu wala kichungu.

Wiki ya nne, siku ya Jumatano, tulikuwa tunatoka getini hospitalini, jua kali, simu ikalia. "Mpagazi, umeshusha mzigo?" Na mimi, sikupanga, ndugu zangu, sikujiandaa, nikasikia sauti yangu inasema, "Nishushe wapi, na kwenu hata maji mnauza?"

Nikadhani vocha imekwisha. Kisha nikasikia huko Kwihara mtu mzima anapiga mayowe, "Jamani njooni! Njooni! Amenitukana! Fundi amenitukana!" Na mke wangu pale getini akakaa chini kwenye mchanga na mkoba wake, watu wanampisha, akacheka mpaka mlinzi akauliza kama anahitaji msaada.

Sipambi. Sikutoka pale nikiruka. Nilimaliza siku zilizobaki, nikarudi, na vidonge bado nameza mpaka leo. Mwaka uliofuata niliona kile kiti kinataka kunirudia. Safari hii sikungoja kikao chenu, nilikwenda kwa daktari mwenyewe, nikarudishwa kwenye mashine kwa muda mfupi. Yule mama wa kiharusi sikupata habari zake. Na nilikutana pale na bwana mmoja ambaye haikumsaidia kitu, wakamtafutia njia nyingine. Nasema haya ili mtu asije kwangu akaniambia nilimdanganya.

Sasa nafika pale ambapo sikutaka kufika. Mtani wangu alifariki masika haya yaliyopita. Moyo. Mlikuwepo.

Mnajua msibani mtani ana kazi yake. Ndiye anayewachekesha wafiwa, na asipofanya, maiti haijaheshimiwa. Asubuhi ya maziko mke wangu akaniambia, "Usiende mbele. Watatuelewa." Aliogopa, na alikuwa na haki. Mjane naye akaja akanishika mkono. "Shemeji, utaweza?" Nikasema sijui.

Jeneza lilipokaribia nikaruka ndani ya kaburi, suruali ya Jumapili na kila kitu, nikajinyoosha. "Hapiti mtu! Babu zake waliwatoza babu zangu hongo ya njia, leo natoza mimi! Namtaka jogoo wangu mwekundu!" Mnakumbuka mlivyocheka? Mchungaji alifunika uso kwa kitabu. Mjane alijiziba mdomo kwa khanga, mabega yanaruka. Wakaniletea tetea mweupe, nikamkataa, "Si huyu! Wangu alikuwa na adabu!" Nilibishana mle ndani mpaka mkanivuta kwa mikono.

Nikasimama ukingoni. Wakashusha jeneza. Nikaangalia lile koti la reli walilomwekea juu, na kikanijia kitu kifuani ambacho sikuwa nimekisikia kwa miaka. Nikalia. Nililia kwa sauti, kama mtoto, mpaka mwenyekiti akanishika kiuno nisianguke. Mkaangaliana. Niliwaona. Mlisema ugonjwa umerudi.

Haukurudi. Ndugu zangu, nilikuwa nimempoteza rafiki yangu, na iliniuma. Iliniuma vibaya sana. Ndiyo siku niliyojua kwamba nimepona.

Nawashukuru. Mke wangu kwanza, aliyekataa kufunga nguo. Yule daktari kijana, na yule dada wa mashine ambaye hadi leo ananiuliza kwenye simu kama msumari umetoka. Nyie na ndoo zenu. Na yule aliyenifuata porini kwa mguu mbovu.

Na la kuwaachia ni hili. Jirani yako akiacha kukujibu, akiacha hata kulalamikia chumvi, usimtoze kuku. Kaa naye chini. Muulize waziwazi, halafu mshike mkono umpeleke hospitali, na usiuachie njiani. Na wewe uliyeangalia chini tangu nimeanza kusema, karakana yangu iko wazi kila siku. Si lazima uongee.

Nimemaliza, pilau isipoe. Ila shemeji, mjane wa mtani wangu, wewe uliyekaa kule nyuma. Wewe pia ni Mgogo. Tangu masika napiga randa asubuhi, ikifika saa yake ya kupita naacha kazi nisikilize, na hakuna anayeniambia nishushe mzigo. Kesho ukienda kisimani, pita mlangoni kwangu uniite. Jibu ninalo.